Funguo Hazitolewi kwa Sura

Kila mwaka tukishavunja kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Uyole, Mbeya, kabla mzunguko mpya haujaanza, kuna kazi moja inayofanywa taratibu kuliko zote: kuchagua watunza funguo. Sanduku letu ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, na lina kufuli tatu. Kila kufuli ina ufunguo wake na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Wasipofika wote, hakuna hisa itakayonunuliwa siku hiyo wala mkopo utakaotoka. Mimi ni katibu, kazi yangu ni daftari, kwa hiyo nimekaa pembeni ya chaguzi hizo na kuzisikiliza kwa muda mrefu.

Siku hiyo akina mama hawana haraka. Jina linatajwa, watu wananyamaza kwanza. Kisha mmoja anauliza: "Huyu si ndiye aliyechelewesha rejesho mwezi wa tatu?" Mwingine anajibu: "Alichelewesha, ila alikuja mwenyewe kusema. Hakusubiri kufuatwa." Wanapima. Wanakumbuka nani alishika michango ya msiba akaleta hesabu mpaka ya shilingi mia. Wanakumbuka nani alikwenda kisimani kueleza kwamba fulani kakopa ada ya mtoto. Katika mihtasari yote niliyoandika, sijawahi kusikia mtu akisema ufunguo apewe fulani kwa kuwa ni mweupe, au kwa kuwa ana umbo. Angesema hivyo, wenzake wangemuuliza kama anaumwa.

Nimeanzia hapo kwa sababu tunapenda kuhubiriana kwamba tabia ni bora kuliko sura, utadhani ni habari ngeni inayotakiwa kuletwa kwetu kutoka mbali. Tunaijua, na tunaitumia kila siku. Mwenye lori anayetafuta dereva wa kuteremka na mzigo mlima Kitonga hatazami kama kijana ana meno mazuri. Anauliza kama anakunywa, kama hulala njiani anapochoka, kama akisikia breki zina harufu husimama au hujipa moyo. Kitonga haina msamaha kwa mzembe, na mteremko wa kwetu hapa Mbalizi hauna pia. Kwenye msiba, daftari la rambirambi hushikwa na mtu ambaye hakuna atakayemnong'ona. Mtoto akiugua usiku, mama anagonga mlango wa jirani mwenye huruma, hata kama jirani huyo ndiye mbaya wa sura mtaa mzima.

Kwa hiyo ninavyoona, pale jambo linapokuwa zito sote tunachagua tabia. Sura tunairudia pale tunapodhani hakuna kitakachoharibika. Kinachoniuma ni kwamba ndoa tumeiweka upande huo. Mtu ambaye hatumpi ufunguo mmoja kati ya mitatu tunampa nyumba nzima, watoto, shamba na uzee wetu, kwa sababu picha yake ilikaa vizuri.

Haya si maneno ya kusikia. Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa magari hapa mjini. Alimpata mchumba Kiwira, wilaya ya Rungwe, binti fundi cherehani, Mnyakyusa mwenzetu. Binti huyo ana kovu la moto. Linaanzia chini ya jicho la kushoto, linashuka shavuni mpaka shingoni, na limeivuta kidogo pembe ya mdomo, hivyo akicheka upande mmoja hutangulia na wa pili hufuata. Aliungua akiwa mdogo. Anayeijua Rungwe hahitaji maelezo marefu. Mvua hainyeshi kwa msimu ikaisha, baridi ya Juni na Julai inaingia mpaka kwenye mifupa, na watoto hushinda jikoni wameyazunguka mafiga. Si nyumba chache za kwetu zenye mtu aliyewahi kuangukia moto au kumwagikiwa na uji wa moto.

Mdogo wangu alituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kwa kawaida picha ya mchumba ikitua pale, vigelegele na pongezi vinamiminika papo hapo. Safari hii kundi lilikaa kimya. Baadaye simu yangu ikaita, alikuwa shangazi.

"Mama, hiyo picha umeiona?"

"Nimeiona, shangazi."

"Sasa huyu mdogo wako kakosa wasichana Mbeya nzima? Hizo picha za harusi zitakaaje? Hata kama ni mapenzi, si aangalie!"

"Shangazi, kovu halirithiwi."

"Najua halirithiwi, mwanangu. Mimi nasema watu."

Na hakuwa anasema uongo. Shangazi yangu si mtu wa roho mbaya. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, ndiye aliyeuza ng'ombe wake nikamaliza kidato cha nne. Hofu yake ilikuwa macho ya ukumbini, wale watu wanaokaa meza za nyuma na kunong'onezana bibi harusi anapoingia. Watu hao hawatalipa ada ya mtoto hata mmoja, hawatakuja kukoroga uji mtu akilazwa, lakini wana kiti kikubwa katika kila kikao cha familia bila kualikwa.

Kikao kilifanyika kwa baba mkubwa. Alisikiliza kila mtu mpaka mwisho, halafu akamgeukia mdogo wangu akamuuliza swali moja tu: alimjuaje.

Mdogo wangu si msemaji. Alieleza kwamba alipeleka kitambaa akashonewe ovaroli. Alipokwenda kuichukua, binti alimkabidhi na vipande vilivyobaki, vimekunjwa vizuri, akamwambia vinatosha kofia ama kiraka cha magotini, asimwachie fundi. Anayeshonesha nguo anajua kwamba vipande huwa ni vya fundi, na hakuna anayeuliza. Yeye alirudishiwa bila kuuliza. Ndipo akaanza kutafuta sababu za kupita Kiwira.

Baba mkubwa akatikisa kichwa. "Mchele wa Kyela huujui kwa kuutazama kwenye gunia," akasema. "Usubiri uwe jikoni." Kisha akamgeukia dada yake: "Wewe ndiye mwenye wasiwasi. Basi wewe ndiye utakayekwenda kuuliza."

Tulikwenda siku ya soko, mimi na yeye, tukapanda kosta asubuhi na ukungu haujaondoka barabarani. Kiwira siku ya gulio ni ndizi kila upande, mikungu imepangwa chini mpaka unakosa pa kukanyaga. Tukaingia kwa mama ntilie, tukaagiza chai. Shangazi akaanza kwa mbali, kama ilivyo desturi: hapa mafundi wazuri wa nguo ni akina nani, maana ana kitenge chake.

"Yuko yule wa kovu," mama ntilie akasema bila kusita. "Ila nikwambie, ana mdomo. Ukimwendea kabla ya siku aliyokuambia, atakusema mbele ya watu. Lakini siku yenyewe ikifika, nguo iko tayari. Hata Krismasi."

Hilo la Krismasi lilimfanya shangazi aweke kikombe chini. Mwenye kushonesha nguo za watoto mwezi wa Desemba anaelewa.

Tukamwendea. Hakuwa anatujua. Kibanda chake kina vyerehani vitatu, kimoja chake na viwili vya wasichana anaowafundisha. Shangazi akatoa kitenge, akaonyesha kwenye simu mshono anaoutaka, ule wenye mabega yaliyojaa na mkia mrefu. Binti akapima kitambaa kwa mkono mara mbili, akampima na shangazi mwenyewe kiunoni na nyongani, akaandika kwenye kidaftari. Halafu akasema: "Mama, hiki hakitoshi mshono huo. Nikikubali nitakubana, na utakuja kunilaumu ukiwa kanisani. Ongeza yadi mbili, au tushone mwingine." Shangazi akambembeleza, kwamba wengine wangeweza. "Wanaweza kukubali," binti akajibu. "Kukutosha ni kitu kingine."

Nilimtazama usoni wakati anasema hayo. Kovu lilikuwa pale, halikupungua hata kidogo. Sitaki kudanganya kwamba ukimjua mtu basi alama zake zinafutika. Zipo. Isipokuwa nilikuwa na mambo mengine ya kutazama: mikono isiyo na papara, namna alivyowaita wale wasichana kwa majina yao badala ya kuwaita "we", namna alivyokataa fedha ambayo ilikuwa imeshanyooshwa mbele yake.

Kwenye kosta ya kurudi shangazi hakusema neno mpaka tunakaribia Igawilo. Ndipo aliponiambia: "Sura yake bado siipendi. Lakini kile kitambaa angekichukua tu. Ningejuaje?"

Jibu hilo ninaliheshimu kuliko angetoka Kiwira akilia na kuomba radhi. Hakubadilika macho. Alikubali tu kwamba macho si kipimo cha kazi iliyokuwa imempeleka.

Ni jambo la kujiuliza hofu hii ya watu imenenepeshwa na nini, maana haikuwa hivi tangu zamani. Nenda Mwanjelwa, pita kwenye vibanda vya vipodozi. Utaona makopo yamepangwa, mengine yana nembo ya ubora, mengine hayana hata lugha unayoielewa. Sisi tuko karibu na mipaka miwili, Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi, na kinachopigwa marufuku bandarini kinaweza kutufikia kwa njia za pembeni kabla ya kufika kwingine. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania kwa miaka mingi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, shirika la viwango, awali ulikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na misako inafanyika. Mkorogo bado upo. Unachanganywa na muuzaji kwenye kikopo, kijiko cha hiki na kijiko cha kile, na msichana anaondoka nao kwenye mfuko mweusi.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu wengi wanaopaka hawajaelezwa. Ngozi yetu inatengeneza rangi nyeusi, na rangi hiyo ndiyo kinga yetu dhidi ya jua. Zebaki na haidrokwinoni huzuia utengenezaji huo. Mtu anang'aa kweli, miezi ya mwanzo. Baadaye kinga imekwenda, na Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi inatudanganya kwamba jua si kali wakati ni kali. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu iliyoiva ambayo hayaondoki. Dawa za stiroidi zinazochanganywa humo hufanya ngozi kuwa nyembamba, ikichanika kidonda kinachelewa kupona, na mama akifanyiwa upasuaji wa kujifungua ndipo kasheshe linapoonekana. Zebaki inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni.

Wachimbaji wadogo wa Chunya wanaijua zebaki vizuri. Wanaitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga, na kila semina wanayopewa wanaambiwa wavae glavu, wasivute moshi wake, wasiimwage karibu na maji. Binti wa mchimbaji huyo huyo anaweza kuwa anajipaka zebaki usoni kila usiku. Mataifa yalikubaliana kwenye Mkataba wa Minamata wa 2013 kwamba vipodozi vyenye zebaki vikome kutengenezwa, kuingizwa na kusafirishwa nje ya nchi ifikapo 2020. Sheria zipo. Kinachoendesha soko ni yule mama anayemwambia mwanawe, mbele ya wageni, "mwenzio mweupe ameshaolewa."

Hilo linanikasirisha na sitalipunguza. Msichana aliyefanya vizuri shuleni, anayewasaidia wazazi, asiyesengenya, akisikia sifa moja tu ikitajwa nyumbani kila siku na sifa hiyo hana, atakwenda kuinunua. Na vidole vyake vitabaki na sugu nyeusi zinazomtangaza kila anapopokea chenji. Wahenga waliliona mapema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni methali iliyotungwa na watu waliokwishaoa na kuoza, wakaona matokeo.

Mume wangu ni Mhehe, na tukienda kwao Iringa hupitia Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kilomita chache kutoka mjini. Watoto huingia wakikimbia na hutoka wametulia. Kile kinachowatuliza ni fuvu lililomo ndani ya kioo.

Historia yake inagusa jambo hili hili kwa namna ambayo sikuitegemea. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, Kalenga ikaanguka, na Mkwawa akaingia porini. Waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Miaka ikapita na watu wake, wenye njaa na waliofukuzwa makwao, hawakumtoa kwa urahisi. Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi asikamatwe hai. Askari wakamkata kichwa.

Enzi hizo wasomi wa Ulaya walikusanya mafuvu ya watu wa makoloni. Waliamini kwamba ukipima mfupa, urefu wake na upana wake, utajua mtu ni wa aina gani, ana akili kiasi gani, anastahili nini. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu la Mkwawa kupitia Waingereza, kipengele cha 246, lakini halikuonekana. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Wakayatenga yaliyotoka Afrika Mashariki, wakapima upana kwa urefu, wakalinganisha na vipimo vya jamaa wa Mkwawa walio hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mpaka leo wapo wanaouliza kama kweli ndilo.

Mimi nikisimama mbele ya kioo kile huwa nafikiri jinsi vipimo vyote vile vilivyoshindwa kugusa kilichomfanya atafutwe. Chumba kizima cha mifupa iliyopimwa kwa milimita, na hakuna mfupa unaoweza kukwambia nani alikataa kupiga magoti. Mkwawa hakuwa malaika. Alitawala kwa mkono mzito, na majirani wa Wahehe wana simulizi zao. Lakini hata wanaomlaumu wanamlaumu kwa matendo. Mama mkwe, ambaye kila mtu anamwanza kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, hata kama ana haraka, aliwasimulia wanangu habari za Mkwawa jioni nzima na hakutaja alikuwa mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Watoto hawakuuliza pia.

Wapo watakaosema nataka watu waoe wasiowavutia. Sitaki hivyo. Mvuto ni kitu cha kweli na mdogo wangu alivutiwa, tena sana; anasema alivutiwa na vile binti anavyocheka. Napenda nguo nzuri, napenda mtu aliyeoga na kunyoosha kitenge chake, na mapambo yana mahali pake katika furaha ya watu. Wala kovu halimfanyi mtu kuwa mwema. Kuna wabaya wa sura ambao na roho zao ni mbaya, na kuna warembo waliotulia ambao wanapata shida upande wa pili: hakuna anayewaamini, kila mafanikio yao yanaelezwa kwa uso wao. Nina rafiki wa hivyo, mhasibu hodari, amechoka kusikia alivyopandishwa cheo. Kumpima mtu kwa sura kunamwonea mwenye kovu na kunamwonea mrembo.

Na huyu wifi yangu ana kasoro zake, mama ntilie alisema kweli. Mdomo anao. Tumeshakwaruzana. Aliniambia mbele ya watoto wangu kwamba nawapa simu ili nipumzike, na nilikasirika siku mbili. Tofauti ni kwamba kasoro yake tuliijua kabla ya mahari, tukaingia tukiijua. Kasoro za mtu aliyechaguliwa kwa picha huwa zinafunguliwa ndani ya nyumba, mlango ukishafungwa.

Wazee wetu walikuwa na njia za kumjua mtu. Huko Rungwe zamani, vijana wa kiume wakifika umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika, na kijiji chao kikakua nao. Walikuwa wakienda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti waliokaa kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, waliyaandika hayo kwa kirefu. Mimi nimeyasikia kwa babu. Ukikua namna hiyo huwezi kujificha. Mchoyo anajulikana kwenye bakuli la kwanza, mwoga anajulikana ng'ombe wakipotea, na anayeanzisha ugomvi halafu akakimbia anajulikana mapema kabisa. Anapofika umri wa kuoa, kuna rika zima linaloweza kumtolea ushahidi. Sisemi turudi huko. Wasichana hawakuwa na sauti katika hayo, wengi waliozwa wadogo kwa hesabu ya ng'ombe, na hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Ila ile subira ya kumtazama mtu akiishi kabla ya kumchagua tumeitupa pamoja na mabaya yake.

Siku hizi mshenga anakwenda kupeleka barua na kujadili mahari, basi. Kazi yake ya zamani ya kuchunguza imekufa kimyakimya, na kamati ya harusi imechukua nafasi: ukumbi, rangi za sare, mpiga picha. Nimekaa kwenye kamati ambazo zilijadili keki kwa saa nzima na hakuna aliyejua kama bwana harusi anahudumia mtoto wake wa nje.

Mwaka jana tulifiwa na binamu. Watu walikuwa wengi, michango ikaanza kuingia, na daftari halina mtu. Nilimwona shangazi akiangaza macho uani, akawapita wajukuu zake wawili waliosoma na waliovaa vizuri, akamwita wifi yangu: "Mama, njoo ushike hapa." Hakueleza kwa nini. Jioni hesabu ilisomwa, ikatimia. Hata hivyo shangazi mpaka leo anapoonyesha picha za harusi huanza na zile zilizopigwa kutoka upande wa kulia.

Ninachoziomba familia ni kurudisha ile kazi ya kuuliza, na kuuliza mambo yanayojibika. Mwulizeni aliyewahi kumkopesha. Mwulizeni dada wa kazi aliyeondoka kwao, aliondoka kwa amani au usiku. Mwulizeni mdogo wake anayelala naye chumba kimoja. Ulizeni akikosewa hukaa na hasira kwa muda gani, na akikosea huenda mwenyewe au hutuma mtu. Ulizeni anawaambiaje watu habari mbaya. Majibu ya maswali haya yapo mtaani, hayalipiwi, na mama ntilie anayajua yote.

Na kuuliza kuwe kwa pande zote mbili, maana mara nyingi ni binti anayechunguzwa na kijana anachukuliwa alivyo. Wakati sisi tunakunywa chai yetu Kiwira tukijiona wajanja, mjomba wake binti alikuwa ameshafika Mbeya. Alikwenda mpaka gereji anakofanya kazi mdogo wangu, akajifanya ana gari linalosumbua, akakaa kwenye tairi kuukuu akaongea na fundi mkuu. Alitaka kujua kitu kimoja: kijana akimbadilishia mteja spea, ile ya zamani huwa anamrudishia mwenyewe aione, au huitupa asiulizwe. Fundi mkuu akamwambia huwa anaifunga kwenye gazeti na kuiweka chini ya kiti cha mbele, hata mteja akisema haitaki. Mjomba akashukuru, akarudi Kiwira na gari la jioni, na wiki ile ile wakatuita kwenda kuzungumza mahari.